Mlango wa Chumba cha Nondo

Wifi yangu anauza dawa za kuua wadudu na mimi nafuga wadudu. Anayetaka kujua kwa nini hatuli sahani moja angeridhika na hapo, lakini watu wa huku hawaridhiki na jambo mpaka walitie chumvi. Wamesema nina kijicho. Wamesema nimewanyima nyigu kwa kinyongo huku mashamba yao yanaliwa. Basi nitasema mwenyewe ilivyokuwa, na atakayekasirika akasirike.

Ninaofuga ni nyigu. Si wale wa darini wanaomvimbisha mtu uso. Hawa wangu ni wadogo, mbu ni mkubwa wao, rangi yao kahawia, na hawana habari na binadamu. Shughuli yao ni viwavi tu. Nyigu jike akimkuta kiwavi ndani ya suke la uwele anamchoma, kiwavi analegea palepale, hatafuni tena wala hasogei, kisha nyigu anamtagia mayai mgongoni. Watoto wakianguliwa wanamla hapo hapo alipolala. Ni kifo kibaya na sijawahi kukionea huruma, kwa sababu nimeona shamba la uwele ambalo viwavi wamelipitia. Masuke yanasimama vizuri kabisa, ukiyafikicha mkononi unabaki na vumbi.

Kazi hii niliifanya kwenye maabara ya wadudu mpaka ilipofungwa. Siku ya mwisho wenzangu waliondoka na viti na mapazia. Mimi niliondoka na chupa mbili, moja ya nyigu na moja ya nondo wa unga, kwa maana nyigu hawafugwi kwa maji na maombi. Lazima uwe na viwavi wa kuwapa kila siku ya Mungu, na ukitaka viwavi lazima ufuge nondo. Kwa hiyo mimi nafuga kinachokula na kinacholiwa, na ndiyo maana nina vyumba viwili.

Vyumba vyenyewe ni vya mama mkwe wangu, huko uani kwake tunakoishi sote. Chumba cha nondo kiko upande wa jiko, chumba cha nyigu kiko upande wa bafu, na ua wote uko katikati. Sikuvitenga kwa mapambo. Kila asubuhi naingia kwanza kwa nondo. Humo kuna mabeseni ya unga wa uwele na pumba, yamefunikwa vyandarua, na ndani ya unga viwavi weupe wanakula na kufuma nyuzi zao. Nikishamaliza huko ndipo naenda kwa nyigu. Kutoka kwa nyigu kurudi kwa nondo, hapana. Mpaka nioge, nivue nguo zote, nivae nyingine. Nyigu mmoja akijibanza kwenye pindo la mtandio akaingia kwa nondo, kazi imekwisha, kwa kuwa yule mdudu hana kiasi. Anachoma viwavi wengi kuliko anaowahitaji, beseni baada ya beseni, na wote wanalegea. Bila viwavi hakuna nondo, na bila hao hakuna nyigu.

Nyumba nzima iliijua amri hiyo. Mume wangu aliijua. Wifi yangu aliijua kuliko wote, maana enzi zile tulipokuwa tukicheka pamoja ndiye aliyeshona vyandarua vya milango, na akawa ananigombeza mimi mwenyewe nikisahau kubadilisha viatu.

Kicheko kilikwisha ndoa yake ilipovunjika. Alirudi nyumbani na maboksi yake ya dawa, akafungua duka barabarani, na duka likawa dogo. Akaanza kuvitazama vyumba vya uani. Kila akipita lazima atupe neno. "Watu wamepangisha wadudu vyumba, sisi wenye damu ya nyumba hii tunalala na maboksi kitandani." Nami siyo mtu wa kumeza. Nilimwambia kama amekosa pa kuweka sumu aiweke ulimini, patatosha na nafasi itabaki.

Mama mkwe alichoka kutusikiliza, akakata shauri. Ni mwanamke wa maneno machache, na akishasema amesema. "Vyumba nampa anayevitumia," alisema. "Kimoja kikikutwa kitupu siku ya mavuno, kinakwenda kwa mwenzake. Na mimi nisisikie tena."

Hapo ndipo penye kesi. Siku ya mavuno vyumba vyangu viwe na wadudu, au wifi aingize maboksi. Na mtu mzima aliyepoteza kazi na akapoteza na chumba hana tena cha kumwambia mtu.

Nimseme na mume wangu, maana bila yeye hadithi haipo. Ni kinyozi. Kibanda chake kiko sokoni, na kutwa nzima anasikiliza kila mtu na kumkubalia kila mtu, hata wanaogombana kwenye viti viwili vilivyopakana. Hapendi ugomvi. Watu wanamsifia kwa hilo, wanasema nimepata mume. Mimi nasema kutopenda ugomvi ndio ugonjwa wake. Akiwa nami ananiambia dada amezidi. Akiwa na dada yake anamwambia mke wangu ana hasira za karibu. Kisha anatuambia sote wawili kwamba amezungumza na mwenzako na mwenzako ameelewa.

Msimu huo viwavi walikuja wengi. Mashamba ya jirani yaliliwa. Shamba la mama mkwe lilisalimika, isipokuwa pembezoni, kwa sababu nilitundika vifuko vyangu vya nyigu mapema, uwele ulipoanza tu kutoa masuke. Wateja wa wifi walinunua dawa, wakapulizia, wakanunua tena. Kiwavi wa uwele anakaa ndani ya suke, dawa inapita juu na kukauka. Wakaanza kurudi dukani na makopo matupu, na si kwa salamu.

Wifi yangu hana dogo. Alikuwa na jibu tayari. "Mnanililia mimi? Nendeni uani kwa mama mkajionee. Wifi yangu anafuga viwavi humo, wamejaa mabeseni. Mnafikiri wanaokula uwele wenu wameshuka na mvua?"

Ubaya wa neno lile ni kwamba lilikuwa kweli. Nafuga viwavi, na wamejaa mabeseni. Uongo ningeukanusha.

Walikuja asubuhi, nikiwa ndani ya chumba cha nyigu nawawekea asali. Ninaipaka kwenye vipande vya karatasi, mstari mwembamba, kwa ncha ya unyasi. Nikasikia lango linapigwa, halafu sauti ya Mzee Redio. Huyo ndiye msemaji wa wakulima, na jina hilo amepewa kwa haki, maana akiwashwa hazimi.

"Mwenye nyumba! Tumekuja kwa amani, ila tumekasirika!"

Nyuma yake walikuwa wanaume na wanawake wa mashamba ya jirani, ua ukajaa. Wifi alikuwa mbele yao. Mama mkwe alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

"Tuanzie huku," wifi alisema, akawaonyesha chumba changu cha nyigu.

Sikuwazuia hapo. Niliwaambia waingie wawili wawili, wasiguse kitu, lakini ungemwambia nani? Waliingia kwa mabega. Mmoja aliinua chupa kuiangalia kwenye mwanga, mwingine akamnyang'anya, Mzee Redio akafungua kitambaa cha ya tatu akaingiza pua.

"Mbona humu hamna kitu?"

"Walikuwamo," nilisema. "Wametoka. Wako juu ya kofia yako."

Akajipangusa kofia, hakuona kitu, watu wakacheka. Nyigu walikuwa kwenye mitandio, kwenye mashati, kwenye nywele. Niliwaona wakitembea kwa vile macho yangu yamezoea. Wao waliona mwanamke anayewaambia wana wadudu wasioonekana.

"Viwavi wako wapi?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Tumekuja kuona viwavi."

"Chumba cha pili," wifi alisema. "Nifuateni."

Nilimtazama, naye akanitazama. Hakukonyeza, hakutabasamu. Aligeuka tu akaanza kuvuka ua, na watu wote nyuma yake.

Nilikimbia. Nilipita katikati yao nikafika mlangoni kwa nondo kabla yao, nikageuka nikauegemea kwa mgongo, mikono nimeshika miimo huku na huku. Sikuufungua hata kidogo, kwa kuwa nyigu walikuwa juu yangu pia.

"Hapa haingii mtu," nilisema. "Leo hapana. Njooni kesho, mmeoga, mmebadilisha nguo, nitawafungulia mwenyewe na chai nitawapikia."

Sikusema vizuri, najua. Ukiwaambia watu waliokasirika waende kuoga, umewatukana.

"Ahaa!" alisema Mzee Redio. "Kule mlango wazi, huku mlango umefungwa. Jamani, mnahitaji nini tena?"

"Mna nyigu mwilini. Mkiingia nao humu wataua kila kitu."

"Si ndiyo kazi yao kuua viwavi?" aliuliza yule mwenye mtoto. "Waingie basi, wakaue!"

Ua mzima ulicheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kelele, kwa sababu alikuwa ameuliza swali la maana, na jibu lake ni refu, na hakuna aliyekuja kusikiliza jibu refu. Niliwaambia viwavi hawa si wale. Niliwaambia hawa ni chakula. Mtu wa nyuma akauliza chakula cha nani, wakacheka tena. Kisha wakaacha kucheka. Kijana mmoja akaokota jiwe la mafiga na kulishika tu, na mwenzake akasema paa za nyasi hazichelewi kuwaka.

Ndipo mume wangu alipofika. Mtu alikuwa amekwenda kumwita sokoni. Alikuja na kitambaa chake cha kunyolea begani, nywele za mteja zimeganda humo, akapita akiwasalimia mmoja mmoja kwa kushikana mikono. Wakampisha. Nilimwona nikasema moyoni, afadhali, huyu anajua.

"Wanataka kuingia kwa nondo," nilimwambia. "Wametoka kwa nyigu."

Alielewa. Nataka hili lisikike vizuri. Niliona usoni mwake kwamba alielewa. Aliutazama mlango, akawatazama watu, akalitazama lile jiwe.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, "waache waone. Hatuna cha kuficha."

"Sifichi. Nazuia."

"Wao hawajui tofauti."

"Wewe unaijua!"

"Naijua. Lakini ukisimama hapa jina lako ndilo linaloharibika. Wadudu watapatikana wengine."

"Watapatikana wapi? Maabara imefungwa. Watapatikana wapi?"

Aliniingiza mikono makwapani, kama mtu anavyomnyanyua mtoto kutoka kwenye tope, akaninyanyua. Mimi si mzito. Nilishikilia mwimo mpaka kucha zikauma, akaniambia taratibu, taratibu, akaniweka kando ya ukuta na kunikinga kwa mwili wake. Mlango ukafunguka.

Waliingia wote waliotosha. Nilisikia vyandarua vikivutwa. Nilisikia, "Wako wapi? Hawa?" Kisha yule mwenye mtoto akaanza kucheka, kicheko kingine kabisa.

"Jamani, hawa ni wa unga! Hawa ninao hata mimi kwenye debe langu nyumbani, nawapepeta kila wiki!"

"Hebu lete nione. Kweli. Wale wa uwele wana mistari."

"Sasa tumeacha kazi zetu kuja kutazama wadudu wa unga?"

Mzee Redio alitoka na kofia mkononi. Mtu akikosea mbele za watu na bado akaomba radhi mbele za watu, nampa haki yake. Aliniomba radhi kwa hotuba ndefu, akamwomba mama mkwe, akamwomba mume wangu, akasema tangu leo atakayemwita mama huyu mfuga viwavi atapambana naye. Watu wakaitikia. Yule kijana aliliweka jiwe mahali pake, akalisogeza na kwa mguu likae sawa.

Mama mkwe alipunga mwiko. "Mmeona? Haya, kazini."

Mume wangu alikuwa akitabasamu kwa uso mzima. Alinigusa bega. "Umeona? Jina lako limesafika."

Mimi nilikuwa nikimwangalia wifi kupitia mlango ulio wazi. Alibaki wa mwisho mle ndani. Wengine wote walikuwa wametazama mabeseni. Yeye alikuwa ametazama mtandio wake. Aliuvua, akaukung'uta juu ya beseni la kwanza. Akasogea. Akaukung'uta juu ya la pili. Halafu akajitanda vizuri akatoka, akanipita.

Sikumrukia. Watu wananiuliza kwa nini sikumrukia. Mume wangu alikuwa bado ameniegemea.

Nilivyosema ndivyo ilivyokuwa. Siku chache baadaye viwavi wa beseni la kwanza walikuwa wamelala juu ya unga, laini, ukiwagusa kwa kijiti hawajikunji. Kisha la pili, kisha yote. Nilijaribu kuwachambua wazima niwahamishie kwenye mitungi. Kila mtungi niliofunga ulikuwa na nyigu ndani yake kabla yangu. Baada ya muda nyigu wapya walitoka kwenye maiti zile, wengi kuliko niliowahi kuwa nao, chandarua cha dirishani kikawa cha kahawia kwao. Mtu asiyejua angesema nimetajirika. Walikuwa na siku zao za kuishi, na hapakuwa na kiwavi hata mmoja wa kuwatagia.

Na wakulima nao wakarudi, safari hii wakiwa wapole. Wametumwa na Mzee Redio. Wameamini sasa, wanaomba vifuko vya nyigu. Mume wangu aliwaambia njooni wiki ijayo, mke wangu hakosi vya kuwapa. Mimi niliwaambia hakuna, wala wiki ijayo hakuna. Waliondoka wakinong'ona. Kutoka kwetu kwenda duka la wifi ni mwendo mfupi, na ndiko walikokwenda. Neno la kinyongo lilianzia siku hiyo.

Lakini nilikuwa na njia moja. Shamba la mama mkwe lilikuwa bado na viwavi pembezoni, upande unaopakana na majirani, na hapakuwa na dawa iliyowahi kupita pale. Nikiwafungulia nyigu wangu wote humo, wangeingia kwenye masuke na kutaga. Baadaye ningezunguka nivune masuke yenye viwavi waliochomwa, na humo ningepata mbegu yangu ya nyigu tena. Nondo ningewapata kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa ameshanikubalia nifagie pembe zake. Muda ulitosha kabla ya mavuno, kwa shida, lakini ulitosha. Sharti lilikuwa moja tu, shamba lile lisiguswe na dawa mpaka nyigu wawe wamezama ndani.

Nilimweleza mume wangu jioni, tukiwa tumekaa kizingitini. Nilimweleza yote kwa kuwa nilihitaji mtu wa kunisaidia kubeba chupa.

"Usimwambie mtu," nilisema.

"Nimwambie nani?" alisema.

Alfajiri ile ilikuwa tulivu, na nilifurahi, nisidanganye. Tulitundika chupa kwenye mabua mstari kwa mstari, tukafungua vitambaa, nyigu wakatoka wakapanda masuke. Nyigu hawa hawakurupuki. Wanatembea kwanza, wanagusagusa, wanakwenda wanarudi, mpaka wanuse kiwavi alipo. Nilisimama naangalia suke moja ambalo juu yake walikuwa wakitembea wengi, na nilikuwa nimeanza kuhesabu moyoni siku za kurudi.

Ndipo nilipomwona wifi anakuja kwa njia ya katikati ya mashamba. Alikuwa amevaa buti za mpira, amejifunga kitambaa puani, na bomba la dawa liko mgongoni.

"Huyu anakwenda wapi?" niliuliza.

Mume wangu alikohoa. Najua kikohozi chake. "Nilizungumza naye jana," alisema. "Usikasirike. Nilimweleza hali yote, nikamwambia imekuumiza. Ameelewa kabisa. Amesema na yeye anataka kumsaidia mama. Basi nikaona itakuwa vizuri, wewe upande huu, yeye upande ule wa mbali, na mama akubali kwamba wote mmemsaidia. Mama amefurahi sana."

"Ulimwambia ninafungulia nyigu leo?"

"Nilimwambia ili ajue asije upande huu. Ameniahidi."

Wifi hakwenda upande wa mbali. Alikuja moja kwa moja mpaka mwanzo wa mstari wetu, pale ilipotundikwa chupa ya kwanza, akaanza kupiga mpini. Sauti ya dawa ikitoka naijua, na harufu yake naijua. Suke la kwanza likalowa, likang'aa.

"Dada!" mume wangu aliita. "Dada, si tulisema upande ule?"

"Shamba ni la mama," wifi alijibu bila kusimama. "Mama amesema nipulizie."

"Mwambie asimame," nilisema.

"Dada, simama kidogo basi."

Hakusimama. Nilimgeukia mume wangu.

"Uliweza kunitoa mimi mlangoni mbele ya watu wote. Mtoe na huyu."

"Yule ni dada yangu," alisema. "Nitamshikaje dada yangu?"

"Kwa mikono ile ile."

Alisimama tu, mikono imening'inia, macho yanakwenda kwake yanarudi kwangu. Sikumngoja. Nilikwenda mwenyewe, nikikata mistari, na nilikuwa na nia mbaya, nasema wazi. Nilitaka kulivuta lile bomba mgongoni, na nikimwangusha na yeye iwe bahati yake. Nilifika karibu kiasi cha kuona macho yake juu ya kitambaa.

Mikono ikaniingia makwapani kutoka nyuma.

"Usisogee, mke wangu. Dawa hiyo. Itakuingia machoni, itakudhuru."

Nilipiga mateke. Nilimwuma mkono. Nilimwita majina ambayo sikujua ninayo. Hakulegeza wala hakukasirika. Alinikumbatia kwa nguvu na kunigeuza ili mvuke wa dawa umpige yeye mgongoni. Nilikuwa nikitazama juu ya bega lake. Wifi alikwenda mstari hadi mstari, hana haraka, kila suke analipa haki yake, chini na juu. Kwenye masuke yaliyolowa hakuna kilichokuwa kikitembea tena. Viwavi ndani waliendelea kula.

Alituacha dawa ilipokwisha kwenye bomba. Akakung'uta matone ya mwisho, akageuka, akarudi njia aliyojia.

Na mume wangu naye ndipo akaniachia. Akaninyooshea mtandio kichwani, akanipangusa shavu kwa kidole gumba, akaniuliza kama nimeumia.